Mkaguzi wa Migongo na Mbeleko ya Katani

Hadithi, jamani, na anayetaka kuitikia aitikie kwa sauti ya chini, kwani kuta za nchi ninayoisimulia zina masikio, na masikio yenyewe yanalipwa mshahara.

Palikuwa na nchi. Jina lake silitaji, si kwa woga, la hasha. Lilibadilishwa mara nyingi mno hata wenyeji wakachoka kulikariri, wakawa wanasema "hapa petu" basi. Juu ya nchi hiyo alikaa Mtukufu. Alikuwa amekaa muda mrefu sana, na waliopata kumwona kwa karibu walisema mgongo umeanza kumsumbua kwa huko kukaa.

Siku za mwanzo za ukubwa wake, Mtukufu alipita barabarani akakutana na mtu aliyejitwika mkungu wa ndizi. Mtu yule, shingo imekaza na mikono yote miwili iko juu, hakuweza kumpungia. Alitabasamu tu. Mtukufu alirudi nyumbani kwa majonzi, chakula hakikupita. Kesho yake ikatoka Sheria ya Kutua: mkubwa akipita, kila mtu atue alichobeba, asimame wima, mikono ubavuni, mpaka mkubwa apotee machoni. Sheria nzuri, nani asiyependa heshima? Waashi walitua matofali, akina mama walitua watoto, na katika hospitali kuu daktari wa upasuaji alitua kisu juu ya mgonjwa aliyekwisha kufunguliwa tumbo, akasimama wima kama raia mwingine yeyote. Mgonjwa hakulalamika, si wakati ule wala baadaye.

Kitu kimoja tu hakikutuliwa: sanamu ya Mtukufu. Kila ghala, kila shule na kila soko lilipaswa kuwa na sanamu yake ya shaba, na sanamu ilikuwa na adabu zake ambazo watoto walifundishwa kabla ya kuhesabu. Haipandi gari, maana gurudumu huzunguka na enzi ya Mtukufu haizunguki. Haigusi chini mpaka Mtukufu mwenyewe aje aiweke kwa mkono wake juu ya jiwe lake. Na ikiwa ingali mgongoni mwa mtu, hupokewa na mtu wa cheo kilekile au cha juu zaidi, kamwe si wa chini, kwa kuwa kumshusha Mtukufu cheo ni uhaini, na malipo ya uhaini ni kamba ya shingo. Kwa hiyo ilibebwa na mahamali. Mahamali ni wengi, wote ni sawa, wakawa wanapokezana wiki nenda wiki rudi, huku Mtukufu akiwa njiani anakuja. Hakuna mkubwa aliyewahi kuibeba, na kwa sababu hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kuifikiria sana kanuni ile ya cheo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walikwisha kusema.

* * *

Katika Ghala Kuu la Nafaka palikuwa na mwanamke aitwaye Sikudhani. Kazi yake ilikuwa kushona vinywa vya magunia kwa shazia, ile sindano nene ya chuma, na uzi wa katani. Mumewe, Shomari, alikuwa hamali wa ghala hilohilo. Walioana kwa sababu ya gunia: siku moja Sikudhani alilishona ovyo, likampasukia Shomari kichwani, mahindi yakamjaa mpaka ndani ya shati, naye badala ya kutukana akacheka. Tangu siku hiyo Sikudhani hakushona ovyo tena. Mishono yake ikawa maarufu ghala zima. Gunia lililopita mkononi mwake lingeweza kuanguka kutoka juu ya lori na lisitoe hata punje.

Na magunia yenyewe mnayajua. Ni lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, linaongezewa kilemba juu, na kilemba kinaongezewa kofia. Lumbesa ilikuwa imepigwa marufuku na sheria, na Serikali, kama mjuavyo, haivunji sheria. Kwa hiyo Ghala Kuu halikuwa na lumbesa hata moja. Lilikuwa na Gunia la Uzalendo, lenye kilemba na kofia.

Basi nchi tajiri za mbali, zile zinazokopesha kwa mkono mmoja na kushika sikio kwa mkono wa pili, zikauliza: je, wafanyakazi wenu hawaumii viungo kazini? Nani huwapima? Mtukufu alishtuka kusikia kwamba kuna kitu nchini mwake ambacho hakijaundiwa wizara. Ikaundwa siku hiyohiyo, Wizara ya Migongo, Viungo na Unyoofu. Waziri wake akawa Mheshimiwa Nyangasa, aliyekuwa Waziri wa Samaki mpaka samaki walipokwisha. Na Mkaguzi Mkuu akawa Daktari Pembe, ambaye alisoma ng'ambo namna miili inavyoumia kwa kazi, akarudi na cheti kikubwa ajabu. Kilitiwa fremu ya mvule na kupandishwa ofisini kwake na mahamali wawili.

Daktari Pembe alikuwa mtu wa vipimo. Alifika ghalani na timazi, ule uzi wa waashi wenye kizito nchani, pamoja na futi na pima maji. Alipokaribia lango, nyapara wa ghala, Kitwana, aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni, na papo hapo kila hamali akatua gunia, akasimama wima, mikono ubavuni. Daktari akapita mstari mzima. Akamtundikia kila mmoja timazi kisogoni. Uzi ukashuka sambamba na mgongo, mzuri kama ukuta wa msikiti.

"Huyu hana mzigo," aliwaambia wasaidizi wake. "Huyu naye hana. Ajabu ya watu hawa, hawabebi chochote."

Nanyi msimcheke. Tangu apate ukubwa, macho yake hayakuwahi kumwona binadamu aliyebeba kitu. Kila alikopita mizigo ilikuwa chini na watu wamesimama. Akatoa ripoti kwamba hatari kubwa katika ghala lile ni kusimama bure, kwa kuwa kusimama bure hulegeza misuli, na dawa yake ni kuongeza kofia ya gunia kidogo. Ikaongezwa. Mwaka uliofuata akaja, reli ikagongwa, akawakuta bado wamesimama, ikaongezwa tena. Juu ya hayo akawaletea picha ya kubandika ukutani: bwana mmoja mwenye tai, amechuchumaa, ananyanyua kiboksi cha ukubwa wa mkate. Chini yake pameandikwa, Kunja magoti, nyoosha mgongo, tabasamu. Mahamali waliiangalia kila walipopanda ubao wa lori, lumbesa iko kisogoni, wakawa wanaulizana wakunje goti lipi.

* * *

Lilimpata Shomari siku ya ukaguzi. Kofia zilikuwa zimeongezwa upya wiki ile. Alikuwa katikati ya ubao wa kupandia lori, amejitweka, na Sikudhani ameketi chini ya ubao na shazia yake, reli ikalia. Mkaguzi yuko langoni. Sheria ni sheria, atue. Lakini utatua vipi juu ya ubao mwembamba, nyuma yako kuna watu na mbele yako kuna lori? Shomari alijaribu, maana alikuwa raia mwema. Aligeuza kiuno. Gunia halikugeuka. Sikudhani akasikia mlio kama wa mtu anayevunja muhogo mkavu, kisha mumewe akaanguka upande huu na gunia likaanguka upande ule. Gunia halikupasuka. Lilishonwa na yeye.

Daktari Pembe aliingia akawakuta watu wote wamesimama wima isipokuwa mmoja, aliyelala chini anavuja jasho. Akamsubiri ainuke. Hakuinuka. Hapo akatangaza kosa la kwanza, kulala mbele ya Serikali. Wenzake wakamshika makwapa wakamwinua, akainuka amekunjika kama kiwiko, uso unatazama vidole vya miguu. Hapo likatangazwa kosa la pili, ambalo ni zito zaidi, kuinama bila idhini. Sikudhani alipaza sauti kwamba mtu huyu alikuwa amebeba. Daktari akaomba aonyeshwe alichobeba. Gunia lilikuwa kule, Shomari alikuwa hapa, na kwa ushahidi wa macho hawa wawili hawakuwa wanajuana.

Ikaamriwa kwamba Shomari apelekwe mbele ya Waziri Nyangasa siku ya Sikukuu ya Migongo, ambayo ingefanyika palepale ghalani. Akiweza kusimama wima, ameachiwa. Asipoweza, atapelekwa Machimbo ya Chokaa akanyooshwe na Serikali. Na kusema kweli waliopelekwa kule walinyooka wote. Walirudi wamelala chali, ndani ya sanduku, wamenyooka vizuri kabisa.

* * *

Sikudhani akaenda Wizarani. Alikalishwa kwenye benchi mpaka benchi likamchoka, kisha akaingizwa kwa Daktari Pembe. Kiti cha Daktari kilikuwa na takia kila mahali ambapo mwili wa binadamu unaweza kuchoka. Kulikuwa na takia la kisogo, la kiuno, la viwiko, na kigoda cha kupumzishia miguu. Sikudhani alimweleza yote kwa adabu. Alimwomba aje ghalani siku moja bila reli kugongwa, aingie tu kama mtu, aone. Daktari akamjibu kwa upole kwamba kuingia bila kugongewa reli ni upelelezi, na kwamba Sheria ya Kutua haikutungwa ili wataalamu waikwepe.

"Basi libebe wewe, mheshimiwa," Sikudhani akasema. "Gunia moja tu, kutoka mlangoni mpaka kwenye ubao."

Daktari alicheka, tena kicheko cha mtu mwema. "Mama, mkaguzi akibeba, atakuwa na upande."

Sikudhani akauliza, na maumivu ya mume wake je? Daktari akamweleza kwamba maumivu ni namna ya kujitazama. Shomari akijiona amenyooka, amenyooka. Kisha, wakati Sikudhani anasimama kuondoka, akamwelekeza kwa kalamu kwamba pale kwenye kiti alikuwa amekaa vibaya, aangalie asije akaumia kiuno.

Hilo la mwisho ndilo lililomwingia. Alishuka ngazi za Wizara amejaa hasira. Sitaki kumpamba mwanamke huyu nikamfanya malaika: alimchukia mtu yule, akamtakia mabaya kwa jina lake na la ukoo wake. Haki hakuitaka, haki alikuwa ameiona, imekalia matakia. Alitaka Pembe aumie. Aumie palepale anapoumia Shomari, pingili kwa pingili, na asipate wa kumlilia.

Nyumbani Shomari alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, hivyo ndivyo alivyoweza. Sikudhani alimchua kwa mafuta ya karafuu akamsimulia habari za Wizarani, zote, mpaka ile ya kiti. Shomari akafikiri kidogo. Akasema, "Mkuki kwa nguruwe," akaishia hapo, maana hata kumalizia methali kulimuuma. Mkewe alimmalizia kimoyomoyo, akaendelea kumchua, na kadiri alivyochua ndivyo wazo lilivyozidi kumjia.

* * *

Sikukuu ilipokaribia, ikaletwa sanamu mpya ya ghala. Ilikuwa kichwa na kifua cha Mtukufu, cha shaba iliyopatikana kwa kuyeyusha sufuria za wananchi, waliozitoa kwa hiari yao mbele ya askari. Mahamali waliipokea mgongoni, mmoja baada ya mwingine, wakakubaliana kwamba ina uzito wa lumbesa, pamoja na kilemba na kofia.

Sikudhani aliitwa kuishonea kifuniko. Akapima, akakata, na katikati ya kukata akamwuliza nyapara Kitwana, kama mtu anayejisemea tu, kitu mtu anachokipenda kuliko roho yake hukibeba wapi. Nyapara hakujua. Mgongoni, akasema Sikudhani, kwa mbeleko. Mama hambebi mwanawe mkononi kama kikapu. Sasa wizara nyingine zina vichwa na mikono, lakini Wizara ya Migongo ni moja tu. Ingekuwa picha ya namna gani gazetini, Waziri wa Migongo amembeba Mtukufu kwa mgongo wake mwenyewe! Lakini yeye ni mshonaji tu, anajua nini.

Kilemba cha ukoka humkaa vizuri kila mwenye kichwa. Kabla ya adhuhuri wazo lilikuwa la nyapara, na akalipeleka kwa Daktari Pembe. Alasiri lilikuwa la Daktari Pembe, na akalipeleka kwa Waziri. Jioni Mheshimiwa Nyangasa aliliota mwenyewe, akawaita waandishi wa habari akawaambia ndoto yake. Aliuliza jambo moja tu, kama sanamu ni nzito. Daktari, ambaye hakuwahi kuona mtu amebeba sanamu yoyote, kwa sababu kila alipokaribia, waliobeba walipitishwa mlango wa nyuma ili wasionekane hawakutua, alimhakikishia kwamba vipimo vyote vinaonyesha si nzito.

Sikudhani akashona mbeleko. Nje mahameli nyekundu, ndani gunia jipya, na uzi wa katani uliokunjwa mara mbili ukapakwa nta. Haikuwa na fundo. Fundo ni la watoto wachanga, alieleza, Mtukufu hafungwi. Ingeshonwa kifuani kwa mbebaji, hadharani, kwa shazia.

* * *

Siku ikafika. Uwanja wa ghala ulijaa, bendi ilipiga, na Shomari aliletwa juu ya mkokoteni, amekunjika, akawekwa kando kama mzigo usio na mwenyewe. Kwenye jukwaa alikuwapo Waziri Nyangasa, kando yake Daktari Pembe na timazi yake, na sanamu ilikuwa mgongoni mwa hamali aliyekuwa zamu.

Waziri alihutubia. Alisema mgongo ndio uti wa mgongo wa taifa. Alisema taifa lisilo na mgongo, shati lake litakaa vipi? Alisema zamani, katika enzi za giza, wananchi walibeba mizigo, lakini tangu Wizara yake iundwe, wakaguzi hawajakuta hamali hata mmoja aliyebeba chochote, na dunia nzima inakuja kujifunza. Makofi yakapigwa na watu waliopangiwa kupiga.

Kisha akageuka, akapiga goti moja kwa madaha, na mahamali wakampandishia Mtukufu mgongoni. Sikudhani akapanda jukwaani. Akazungusha mbeleko, akaivuta mpaka Waziri akakohoa, akashona. Kamera zikalia. Mheshimiwa alitabasamu vizuri sana kwa picha ya kwanza, na ya pili pia. Ya tatu tabasamu lilikuwapo lakini macho hayakuwapo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa imetosha, ichukueni.

Hakuna aliyesogea. Mahamali walikuwa wamesimama wima, mikono ubavuni, wanatazama mbele. Waziri akarudia. Ndipo Sikudhani, aliyekuwa bado anafuta shazia kwa kitambaa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka langoni:

"Mheshimiwa, sisi ni watu wa chini. Tukimpokea Mtukufu kutoka kwako, tutakuwa tumemshusha."

Watoto waliokuwa juu ya ukuta walianza kuikariri ile kanuni, kama walivyofundishwa, mpaka mwisho wake unaotaja kamba. Waziri alimtazama Daktari, Daktari alimtazama nyapara. Likaulizwa swali, wazo hili lilikuwa la nani? Waziri alisema la Daktari, Daktari alisema la nyapara, na nyapara alisema la mshonaji. Hapo watu wakacheka, maana mshonaji wa magunia atapata wapi wazo?

Mtukufu akatafutwa. Ikaja habari kwamba yuko ng'ambo, wageni wanamtibu mgongo, atarudi atakaporudi. Wakatafutwa mawaziri wenzake, ambao kwa cheo wangeweza kumpokea. Lo! Habari huenda mbio. Kila aliyepigiwa simu alikuwa msibani. Wawili walijiuzulu kwa barua zilizoandikwa kwa haraka hata majina wakakosea, na mmoja, mkewe alijibu kwamba amefariki asubuhi, na kweli tanga lilikuwa limeshawekwa na wali unapikwa.

Jasho lilimtoka Nyangasa likalowesha mahameli. Na sasa mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo Sikudhani alipokuwa anapangojea tangu siku ile ya ngazi za Wizara. Alimjua mtu wa namna ya Nyangasa. Ukimtia kaa la moto mkononi, mtu huyo halizimi, hutafuta mkono wa jirani.

"Daktari," Waziri akasema, akihema, "umelitumikia taifa bila kuchoka. Mimi nasafiri. Kuanzia sasa wewe ni Kaimu Waziri, mwenye cheo changu chote."

Maskini Pembe. Tangu arudi ng'ambo alikuwa akiota neno hilo, Waziri. Alikuwa ameshajifunza hata saini yake. Neno lilipotoka, furaha ilimtangulia akili. Akasema asante, akapiga goti apongezwe. Alipong'amua kwa nini Waziri anamgeuzia mgongo, Sikudhani alikuwa amekwisha kufumua upande mmoja. Kwa kuwa hakuna wa chini aliyeruhusiwa kuipokea, wakubwa hao wawili walihamisha shaba wenyewe kwa wenyewe, kwa kusukumana na kukanyagana, wakitoleana maneno ambayo bendi ilipewa amri ya kuyafunika. Kisha Sikudhani akashona upya. Safari hii alishona kwa mishono ya lumbesa, ile isiyopasuka hata gunia likianguka kutoka kwenye ubao, na kila alipovuta uzi alimtazama Pembe usoni, naye Pembe alikuwa anajaribu kukumbuka amewahi kumwona wapi mama huyu.

Nyangasa alitoka kwa mlango wa nyuma. Mpaka leo anasafiri. Nayo sheria, ambayo Pembe mwenyewe aliiulizia mara kadhaa, ilikuwa wazi: kaimu hawezi kuteua kaimu, kwani kivuli hakina kivuli.

* * *

Ikabaki kesi ya Shomari. Nyapara Kitwana, ambaye hakujua afanye nini kingine, akaisoma kama ilivyopangwa: huyu ameshitakiwa kwa kuinama bila idhini, adhabu yake ni Machimbo ya Chokaa. Mkokoteni ukasukumwa mbele ya jukwaa. Shomari alikuwa amekunjika kama kiwiko. Mbele yake alisimama Kaimu Waziri, amekunjika kama kiwiko, uso unatazama vidole vya miguu. Watu walitazama huku, wakatazama kule. Msaidizi mmoja mwaminifu, kijana wa kazi, akamtundikia mkubwa wake timazi kisogoni kama alivyofundishwa, na uzi ukaning'inia hewani, mbali na mgongo, ukielekea sakafuni.

Pembe aliuona. Alikuwa mjinga wa mizigo, hakuwa mjinga wa hatari. Akaamuru kwa sauti nyembamba kwamba kuinama kuna idhini, tena kulikuwa na idhini tangu zamani, kwa watu wote. Akaamuru Shomari aachiwe asiguswe tena na mtu. Sikudhani akamwuliza sababu iandikwe nini.

"Alibeba," Pembe akasema. "Andikeni kwamba alibeba mzigo, na mzigo ulikuwa mzito, na mgongo wake umeumia kwa mzigo."

Ikaandikwa. Ikagongwa muhuri. Sikudhani akaisoma yote polepole, akaikunja, akaitia kifuani. Ndipo Pembe akanong'ona, na sasa alikuwa amemkumbuka, ilionekana machoni kwamba amemkumbuka barabara:

"Haya, mama. Sasa kata."

Sikudhani alichukua kisu chake cha kukatia katani. Akakiweka juu ya mshono. Akaupapasa mshono ule kwa kidole gumba, kama anavyofanya siku zote kuhakikisha kazi imekaa. Kisha akakirudisha kisu kiunoni.

"Mshonaji akikata, mheshimiwa," akamwambia, "atakuwa na upande."

Akashuka jukwaani. Pembe alipoanza kulia, hamali mmoja aliyekuwa karibu na ukuta akamwonyesha ile picha ya bwana mwenye tai, akamsomea maneno yaliyo chini yake, taratibu, kwa heshima zote.

* * *

Kesho yake nyapara aligonga reli kazi ianze. Mahamali wakatazama uwanjani, wakamwona Kaimu Waziri amesimama na Mtukufu wake, wakatua hata vile ambavyo hawakuwa wamebeba, wakasimama wima, mikono ubavuni. Mkubwa yupo. Sheria inasema mpaka apotee machoni, naye hapotei. Ana uzito mwingi wa kupotea. Kesho kutwa ikawa vivyo hivyo. Malori yalipanga foleni langoni mpaka nyasi zikaota kwenye matairi. Mahindi yale yalikuwa ya kupelekwa ng'ambo, basi hayakwenda, na akina mama wa mtaani wakawa wanaingia na vikapu kwa mlango wa nyuma kuzoa yale yanayomwagika, ambayo siku hizi, sijui kwa nini, yanamwagika mengi. Mtukufu yuko njiani anakuja.

Pembe hulishwa uji kwa kijiko na wasaidizi wake. Wanampima kila asubuhi. Wameandika kwamba hali yake ni nzuri, tatizo lake ni kusimama bure.

Shomari hajanyooka, wala hatanyooka, hilo nisiwadanganye. Lakini kila siku, jua likishapanda kidogo, Sikudhani humpakia kwenye mkokoteni, humtandikia magunia matupu, na kumsukuma mpaka uwanjani pa ghala. Humweka kivulini. Yeye huketi kando yake na shazia yake, mikono imepumzika, na wote wawili hutazama.

Juzi jua lilikuwa kali, na Pembe alikuwa analalamika kwa sauti ya kukatakata kuhusu pingili moja ya chini, upande wa kushoto, ambayo Shomari anaijua sana. Sikudhani akamwuliza mumewe kama ametosheka, warudi nyumbani.

"Bado, mke wangu," Shomari akasema. "Nisogeze mbele kidogo, nimwone vizuri."

Akamsogeza.